Blanketi na Baiskeli

Phalombe,
14 Mei 1996

Baba Temwa,

Tulifika salama, mimi na mtoto wetu Wezi. Siku mbili njiani, na mtoto akatapika mpaka Lilongwe. Kutoka Lilongwe hadi huku akalala kama gunia. Sasa amenenepa na hakuna kuku wa bibi yake ambaye hajamkimbiza.

Mama yu hai. Nalitanguliza hilo kwa kuwa najua uliogopa kuuliza. Upande wa kushoto umekufa ganzi, mkono na mguu. Kusema anasema, ila maneno yanatoka yamechanganyikana. Jana alitaka chumvi akaomba kanisa. Tukacheka sote wawili mpaka yeye akalia.

Tangu dada yangu Eliza afe, hapa hakuna binti mwingine isipokuwa mimi. Mbaazi zimekauka shambani, zinapasuka zenyewe hakuna wa kuchuma. Juzi Mjomba Saukira, kaka yake mama, alikuja na fimbo yake akanitembeza kuanzia kwenye mti wa mkangazi mpaka kijitoni. Akasema, "Ardhi hii ilikuwa ya bibi yako, ikawa ya mama yako, sasa ni yako na binti zako." Halafu akachora mraba mchangani kwa ncha ya fimbo, akaniuliza, "Mumeo anakuja lini kujenga?"

Nilimwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Lusungu asilale bila kuosha miguu. Mshukuru mama yako kwa kunilelea watoto. Barua hii usimsomee baba yako.

Mkeo,
Linesi


Bolero, Rumphi,
2 Juni 1996

Mama Temwa,

Barua yako nimeisoma mara nne na bado sijaielewa. Kujenga nini? Kama mjomba wako anataka nyumba ya kumwuguzia mama, mimi ni fundi mwashi, sikatai. Lakini sasa niko juu ya jukwaa la ujenzi wa zahanati mpya, na msimamizi hataki kusikia habari ya ruhusa mpaka tuezeke. Mwambie mjomba afyatue matofali kabisa, ayachome vizuri, yasiwe ya mkate kama yale niliyoyaona huko nilipokuwa kijana. Mwezi wa tisa nitashuka kwa wiki tatu, nitampandishia kuta, halafu tutarudi sote nyumbani.

Na huo mraba wa mchangani una futi ngapi? Mtu hapimi nyumba kwa fimbo.

Watoto wazima. Temwa amekuwa wa pili darasani. Lusungu anaosha miguu, ila maji anamwagia mmoja tu. Baba anakusalimu. Alinikuta naisoma barua, nikamwambia mama yako anaendelea vizuri, basi.

Nyumba yetu inakungoja. Nimepaka chokaa chumba cha mbele.

Mumeo,
Yotamu


Phalombe,
20 Juni 1996

Baba Temwa,

Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Siyo kazi. Siyo nyumba ya mama. Ni yetu. Nasema tuhamie huku, mimi na wewe na watoto.

Usiitupe barua. Soma kwanza.

Mama hataamka tena akalima. Mimi nikirudi Bolero, atabaki na majirani. Ukoo huu wa mama umekonda kama uzi: Eliza hakuacha mtoto, nimebaki mimi, na baada yangu Temwa na Wezi. Nikiiacha ardhi hii itakwenda kwa binamu wa ng'ambo ya mto ambao hata kumletea mama uji hawaji. Kazi ya uashi haikosekani, kuna viwanda vya chai, na wewe mwenyewe huko ndiko nilikokukuta, ukiwa na chokaa kwenye nywele. Shule iko karibu kuliko ya huko. Ni kweli hakuna maziwa kama ya kwenu, na sasa hivi ukungu wa mlimani umetukalia wiki nzima, nguo hazikauki. Sikufichi.

Mjomba anasema anawangoja watoto wake, yaani watoto wetu, kabla ya mvua. Na wanawake kisimani wananitania kila asubuhi, "Linesi, jogoo wetu yuko wapi? Au umemwazima mtu?" Jogoo ni wewe, mume aliyeoa kwetu. Nacheka nao. Miaka kumi na miwili sijacheka kisimani, Baba Temwa. Huko kwenu maneno yalinipita pembeni.

Mjomba naye amesema atakuandikia. Ni mtu wa maneno mengi lakini moyo wake ni mweupe.

Linesi


Phalombe,
22 Juni 1996

Kwa Mkwe wetu Bwana Yotamu Luhanga,

Salamu kwa jina la Bwana. Mimi Saukira Nakhumwa, mjomba na mdhamini wa ndoa yako, nachukua kalamu hii kukutoa wasiwasi, kwa maana mpwa wangu ananiambia watu wa kaskazini ni watu wa wasiwasi.

Tumekutengea mahali pazuri pa kujenga. Mwanaume anayekuja kuoa kwetu ni mtu wa heshima. Kuku akichinjwa, firigisi ni yake. Hatutazamii mengi kwako: nyumba imara, choo, na kusalimia watu asubuhi. Ukiwa mpole utadumu.

Mume wa marehemu Eliza alikaa nasi miaka tisa bila kesi hata moja. Alipofiwa, hatukumfukuza kama wafanyavyo wengine. Tulimpa blanketi lake na baiskeli yake, tukamsindikiza hadi barabarani tukiimba. Mpaka leo tukikutana naye sokoni ananivulia kofia. Kwa hiyo usiogope chochote.

Waletee watoto wangu nguo nzito. Kama wewe umebanwa na kazi, si lazima uje nao. Wapandishe basi, nitawapokea mimi mwenyewe.

Mwisho, msalimu mzee wako. Mwambie tunawakumbuka wale ng'ombe wawili aliowaleta na lori. Mmoja tulimla harusini, wa pili Krismasi. Walikuwa watamu sana.

Wako katika udugu,
Saukira Nakhumwa


Bolero,
9 Julai 1996

Linesi,

Blanketi na baiskeli!

Mwanaume anakaa miaka tisa, anajenga, anachimba choo, mke anakufa, anapewa blanketi na kuimbiwa? Na mjomba wako anaandika hayo ili nisiogope? Nimewasomea mafundi wenzangu pale kazini. Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Mimi sikucheka.

Na hao "watoto wangu, watoto wangu" ni wa nani? Temwa ni wake? Lusungu ni wake? "Wapandishe basi!" Kama vifurushi!

Baba ameipata barua ya mjomba wako. Niliiacha mfukoni mwa koti, mama akaikuta alipotaka kulifua, akampa. Alipofika kwenye habari ya ng'ombe akavua miwani, akaivaa tena, akasoma upya. Akaniuliza, "Waliwala?" Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa." Akasema, "Yule mweusi mwenye paji jeupe, walimla Krismasi?" Linesi, wale hawakuwa kitoweo. Ile ilikuwa mahari. Baba alitoa ng'ombe mbele ya mashahidi ili watoto watakaozaliwa wawe Luhanga, na wewe uwe wa nyumba hii. Mlidhani tumewaletea nyama?

Baba anasema: ng'ombe wakishavuka, watoto hawavuki kurudi. Usiku najiuliza kama hii miaka kumi na miwili mimi nilikuwa nimeoa na wewe ulikuwa umekuja kutembea.

Niambie neno moja lililonyooka. Unaniacha? Kama huniachi, mwisho wa mwezi uwe hapa na Wezi.

Yotamu


Phalombe,
30 Julai 1996

Baba Temwa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Sikuachi. Hilo ndilo neno lililonyooka. Mengine yamepinda, nivumilie.

Kuhusu ng'ombe, nakuapia sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mjomba alisema, "Wakwe wana mkono mkubwa, wameleta kitoweo." Kwetu wadhamini wakishabadilishana jogoo na tetea, ndoa imefungwa, tumemaliza. Nilipofika Bolero mkaniita NyaNakhumwa, yaani binti wa kina Nakhumwa, nikafundishwa kutopita mbele ya baba yako na kutolitaja jina lake. Nikafanya yote. Nilidhani ni adabu tu. Sikujua kwamba kuna kitu kilikuwa kimenunuliwa.

Sasa nikuulize na mimi. Unakumbuka Jesika?

Mateyo kaka yako, mume wake, alizikwa Jumatano. Jumamosi mlikuwa mmelitoa kabati. Jumapili, baada ya ibada, mlitoa kitanda na cherehani. Cherehani ulibeba wewe, Yotamu. Ulilibeba kichwani ukiwa umevaa shati la kanisani, na Jesika alikuwa amekaa chini mlangoni na kanga ya msiba kichwani. Mlimwambia kama hataki kurithiwa na ndugu wa marehemu arudi kwao Karonga. Akarudi. Watoto wake wawili wakabaki, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamevuka. Mimi nilikuwa jikoni napika sima ya wageni. Niliendelea kukoroga. Ulipoingia kula uliniambia, "Leo sima ni laini mno."

Unauliza habari ya blanketi. Jesika hakupewa hata blanketi.

Tangu siku ile, kila ukipanda jukwaa mimi husikiliza. Nyundo ikinyamaza kidogo, naweka chini nilichoshika. Si kwa kukupenda tu. Nahesabu vitu vya nyumbani: hiki kitakwenda kwa nani, kile kwa nani, Wezi nitampakata mpaka wapi kabla hawajamchukua. Miaka miwili nimelala na hesabu hiyo kando yako, na wewe unakoroma.

Huku nikifiwa, hakuna atakayenigusa. Ndiyo maana nilipotembezwa kutoka kwenye mkangazi mpaka kijitoni, nililia. Mjomba alidhani ni furaha ya kupata shamba.

Sijui kama ninachotaka ni haki. Najua kwamba nikikuita huku nakuita kwenye blanketi na baiskeli. Nakuambia ninachokiogopa, basi.

Linesi


Bolero,
24 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mimi ni Temwa. Baba ameondoka na hakutuaga vizuri.

Barua yako ilifika siku ya soko. Baba aliisoma akiwa amesimama, halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye matofali. Siku nyingi alirudi kukaa hapo hapo. Wewe hakukuandikia, alianza akaacha, nikaona karatasi inasema "Linesi, lile cherehani" basi. Bibi alimwuliza unaumwa nini, akasema jino.

Juzi alfajiri alitia kwenye gunia vifaa vyake vya uashi: mwiko, timazi, pima maji na nyundo ndogo. Babu anasema amekwenda Mzuzu kutafuta kazi. Bibi anasema amekwenda kukuchukua kwa hasira. Mimi namwuliza Bibi, mtu akiwa na hasira anabeba pima maji? Bibi akasema nyamaza ule.

Kila jioni Babu anauliza kama gari la posta limepita.

Mama, sisi tunakuja huko au wewe unarudi? Mwalimu ameniuliza nikashindwa. Lusungu anasema tukihama yeye atabaki na mbwa.

Mimi binti yako,
Temwa Luhanga, Darasa la Tano


Phalombe,
8 Septemba 1996

Baba,

Nakuomba radhi kwa kuondoka kama mwizi. Niko kwa mke wangu. Si Mzuzu.

Nilikuja kumchukua. Vifaa nilibeba bila kujua kwa nini. Nilipofika, Linesi alikuwa anamwogesha mama yake. Akaniangalia mimi, akaliangalia gunia, akasema, "Umekuja kujenga au kubomoa?" Nikamwambia, "Nimekuja." Akanipa maji ya kunawa, akaendelea na mgonjwa.

Siku tatu nilimngoja yule Saukira nimpige maneno. Hakuja. Nikaambiwa kwake ni vijiji viwili mbele, nikamfuata. Baba, wewe na mimi tulikuwa tunamwona kwenye barua kama chifu. Nilimkuta nyuma ya kibanda anapasua kuni, jasho linamtiririka, na bibi kizee mmoja amekaa kibarazani anamwelekeza: "Ndogo zaidi! Hizo za kuchomea maiti?" Saukira anaitikia, "Ndiyo, Mama." Ni mama mkwe wake. Mtoto akapita akasema, "We mgeni, mbuzi wameingia kwenye mahindi!" Mgeni! Ameishi pale miaka thelathini na moja. Akaacha shoka akakimbilia mbuzi.

Aliporudi tukakaa kwenye gogo. Hasira yangu nilikuwa sijui nimeiweka wapi. Nikamwuliza, "Mjomba, hapa kwako una nini?"

"Hapa? Nina baiskeli."

"Na blanketi?"

"Blanketi tuliliuza." Akacheka, halafu akaniangalia. "Mwanangu, kule kwa dada yangu nikikohoa watu wanasimama. Hapa nikikohoa wananiambia nikakohoe nje. Ndivyo tulivyo. Kila mwanaume ana mahali pa kukohoa. Wewe mahali pako ni wapi?"

"Bolero," nikasema.

"Na mkeo huko Bolero anakohoa wapi?"

Baba, swali hilo nakuletea na wewe.

Nikamwambia nataka karatasi: Linesi akitangulia kufa, nisitolewe na watoto wangu wasitengwe nami. Alicheka mpaka akapaliwa, mama mkwe wake akamletea maji. Halafu ghafla akaacha kucheka. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuiomba karatasi ya namna hiyo, na kwamba hata yeye hajui kwa nini hakuiomba.

Sasa nageukia kwako. Usiku ule nilizungumza na Linesi. Nikamwambia, "Popote tutakapokwenda, mmoja wetu atakuwa mgeni." Akasema, "Mimi nimekuwa mgeni miaka kumi na miwili. Sikufa. Ila sikukohoa." Nakuomba nawe useme mbele ya wazee wa kanisa, na iandikwe: nikifa, nyumba niliyoijenga na watoto niliowazaa vibaki mikononi mwa NyaNakhumwa, na asitokee ndugu wa kubeba kitu.

Na lile cherehani la Jesika, Baba. Liko stoo kwa ndugu yangu Yakobe, limetandwa na utando wa buibui. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kushona.

Sijasema tunahamia huku. Sijasema tunarudi. Sijui. Nimeanza msingi kwa sababu mikono ilikuwa inaniwasha.

Mwanao,
Yotamu


Bolero,
3 Oktoba 1996

Yotamu,

Barua yako imefika. Mama yako amenisomea, miwani yangu imevunjika mguu.

Karatasi sitaandika. Katika ukoo wa Luhanga hakuna mwanamke aliyeandikiwa nyumba. Baba yangu hakuandika, babu yangu hakujua kuandika. Nikianza mimi, kesho kila mke wa hapa atakuja na kalamu. Umekwenda kusini wiki chache tu na tayari unaomba ruhusa ya kufa.

Msingi wa nani unaochimba? Unajua unajenga kwenye ardhi ya mkwe? Umerogwa, au ni yale maji ya mlimani?

Basi.

Mama yako anasema niandike na hili, na amesimama hapa haondoki. Nilikwenda Karonga. Nilisema nakwenda kuangalia bei ya mpunga. Nilibeba cherehani. Niliuliza mpaka nikafika kwa kaka zake Jesika, anakaa kibanda cha nyuma, cha nyasi. Nikapiga hodi. Alinichungulia, akaniona, hakufungua. Nikasimama. Jua kali. Watu wanapita wanauliza, "Mzee, umepotea?" Nikasema ndiyo. Nilisimama mpaka saa tisa, nikaliacha mlangoni nikarudi. Bei ya mpunga sikuiangalia.

Sijui nilikwenda kufanya nini. Usinifafanulie.

Sasa habari ya watoto. Temwa anaendelea. Lusungu anakula nusu, na juzi nilimkuta amelala kwenye mlango wa nyumba yenu, pamoja na mbwa. Watakuja Jumamosi ijayo pamoja na mama yako. Msije mkadhani nimewatoa. Sikuwatoa. Nimewaazima. Mwandikie huyo Saukira neno hilo kwa herufi kubwa: NIMEWAAZIMA. Na mwambie ng'ombe mwenye paji jeupe alikuwa anatoa maziwa ndoo nzima.

Baba yako,
Zakeyo Luhanga


Phalombe,
1 Desemba 1996

Baba,

Ni mimi, mke wa Yotamu. Najua haifai mkwe kukuandikia. Nimepiga magoti, Wezi yuko mgongoni, nimeweka karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kama nimekosea adabu, karatasi ichomwe, mimi nisamehewe.

Watoto walifika wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mbwa hawakumleta, na Lusungu alinuna siku mbili, sasa ana mbwa wa jirani. Mama mkwe, NyaGondwe, alisema atakaa wiki moja. Leo ni wiki ya saba. Yeye hajui lugha ya mama yangu, na mama yangu hata lugha yake mwenyewe imempotea nusu, lakini wanaongea kutwa. Ukiwauliza wanasema nini, wote wawili wanakasirika.

Yotamu amepandisha kuta mpaka usawa wa dirisha, mvua ikamkatiza. Watu wanamwita jogoo, na yeye sasa anawawikia. Siku nyingine anakaa juu ya ukuta, naona anatazama upande wa kaskazini. Simwulizi. Mjomba aliiandika ile karatasi, maneno manane tu: "Yotamu akifiwa, asitolewe. Akae na watoto mpaka achoke." Wajomba wengine wamemnunia.

Tumekubaliana kukaa misimu miwili ya mvua. Baada ya hapo hatujui. Siku moja mimi nasema turudi na yeye anasema tubaki, siku ya pili tumebadilishana. Temwa anasema tuandike ubaoni zamu ya nani leo.

Ila nyumba ya Bolero imefungwa, na nyumba isiyo na moshi huliwa na mchwa. Jesika yuko kwenye kibanda cha nyasi, na watoto wake wako hapo kwako hawamwoni. Nimezungumza na Yotamu. Alikwenda kunawa, akarudi akasema, "Mwandikie Baba wewe. Mimi nitaharibu." Ndiyo nimeandika. Naomba Jesika apewe nyumba yetu akae na wanawe, mpaka tutakaporudi, au tusiporudi. Asidaiwe kurithiwa na mtu. Ufunguo uko juu ya kizingiti cha jiko, upande wa kushoto.

Nimepiga magoti,
NyaNakhumwa


Bolero,
29 Desemba 1996

NyaNakhumwa,

Barua haikuchomwa.

Nilikwenda tena Karonga, safari hii na wazee wawili wa kanisa, ili asiseme nimekuja kumrithi mimi mwenyewe. Akafungua. Nikamweleza. Akauliza mara tatu kama nina homa.

Ameingia Jumanne. Watoto wake walimkimbilia, yule mdogo akasimama njiani maana alikuwa amemsahau sura. Cherehani liko chumba cha mbele, amesema chokaa ni nzuri. Jana alinishonea mguu wa miwani kwa uzi. Inafaa.

Sasa kuna jambo. Tulipokuwa tunaingiza kitanda, Jesika alisimama mlangoni akakataa kuvuka. Akaniambia, mbele ya wale wazee wawili, na Yakobe, na wake za Yakobe, na watoto wa majirani: "Baba, nilitolewa nyumba moja. Siingii ya pili kabla sijajua. Hii nyumba ni ya nani?"

Nikamjibu haraka, kitanda kilikuwa kinaniumiza bega. Nikasema, "Ni ya NyaNakhumwa. Yeye ndiye aliyekupa. Ingia."

Akaingia. Tukaweka kitanda.

Jioni nikiwa peke yangu nikakumbuka nilichosema. Wale wazee wamekwisha kulieneza. Leo baada ya ibada mchungaji amenishika mkono akanisifu, nikamwambia sielewi anasifu nini, akasema, "Na unyenyekevu pia." Nimejaribu kutafuta njia ya kulirudisha lile neno, sijaiona. Mke mmoja wa Yakobe ameshaomba kalamu.

Basi ndivyo ilivyo, nyumba ni yako. Mwambie mama yako mkwe arudi, sima ninayopika hailiki.

Zakeyo Luhanga